Bei za Hisa za Bure na Anayezilipia

Bei ya hisa inayosomwa bure kwenye simu ni bidhaa iliyokwisha kulipiwa na mtu mwingine. Huzaliwa sokoni pale mnunuzi na muuzaji wanapoafikiana, hunaswa na mitambo ya soko husika, huuzwa kwa kampuni zinazokusanya takwimu, ndipo hufika kwenye huduma kama Yahoo Finance, iliyoanza mwaka 1997, au Google Finance, iliyofunguliwa tarehe 21 Machi 2006. Msomaji hatoi hata senti. Anayelipa ni mwenye huduma, akitarajia kurudisha fedha yake kwa matangazo au kwa kumzoesha mtu kubaki ndani ya huduma zake nyingine. Kwa hiyo inapotakiwa kuongeza takwimu, yaani kuingiza soko jipya, kurudi nyuma miaka mingi zaidi au kuonyesha bei bila kuchelewa, kazi ngumu haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye mikataba, na mikataba ikishatiwa saini, iko kwenye usafi wa takwimu zenyewe.

Wazo kwamba bei ina mwenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1867 Edward Calahan alileta New York mashine ya telegrafu iliyochapa bei kwenye utepe mwembamba wa karatasi, na mtu aliyekuwa mbali na ukumbi wa biashara akaweza kufuata soko. Kando ya madalali halali wakaibuka wenye vibanda vya kamari. Humo mteja aliweka dau juu ya kupanda au kushuka kwa bei, bila hisa wala gunia lolote la ngano kununuliwa. Vibanda hivyo vilihitaji kitu kimoja tu, bei za kuaminika, na vilizipata kwa mlango wa nyuma. Chicago Board of Trade, soko la nafaka la Chicago, likaenda mahakamani. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, ilikubali kwamba mkusanyiko wa bei ni mali ya soko lililozikusanya, na kwamba soko lina haki ya kuchagua nani azipate na kwa masharti gani. Biashara yote ya takwimu za hisa ya leo imesimama juu ya wazo hilo.

Hesabu za kampuni zimepita njia nyingine. Kampuni iliyoorodheshwa sokoni hulazimishwa na sheria kutangaza mapato, faida na madeni yake, na tangazo hilo ni la kila mtu. Nchini Marekani, Carl Malamud, mtetezi wa taarifa za umma, alianza mwaka 1993 kuziweka nyaraka hizo kwenye intaneti bure. Miaka miwili baadaye SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji nchini humo, ikaichukua kazi hiyo yenyewe. Mwaka 2009 SEC ikaweka kanuni ya kuzitaka kampuni kubwa kuwasilisha hesabu katika muundo ambao kompyuta huusoma moja kwa moja, kila tarakimu ikiwa na lebo yake. Ndiyo maana ukurasa wa bure unaweza kujaa majedwali ya mapato ya miaka kadhaa, huku bei ya dakika hii ikiwa imefungiwa. Mauzo ya robo mwaka ni taarifa ya umma. Bei ya sasa hivi ni mali ya mtu.

Mali hiyo huisha thamani haraka, na hapo ndipo huduma za bure zilipopata upenyo wao wa kwanza. Dalali au meneja wa mfuko wa uwekezaji hulipa ada kubwa ili aione bei mara tu biashara inapofanyika. Baada ya dakika chache haimfai tena, na soko halioni hasara kubwa kuiachia. Hivyo ikazoeleka kuchelewesha bei za bure kwa dakika 15 au 20, na maneno madogo yanayotaja kuchelewa huko yakawa sehemu ya kila ukurasa wa hisa. Wasimamizi wa masoko hawakuwa na sababu ya haraka ya kulegeza, kwa kuwa takwimu ni mkate wao. Masoko mengi ya hisa siku hizi ni kampuni zinazotafuta faida: Soko la Hisa la Nairobi liliuza hisa zake lenyewe mwaka 2014, na la Dar es Salaam likafuata mwaka 2016. London ndiko ukubwa wa biashara hii unakoonekana wazi zaidi. Mwaka 2021 kampuni inayomiliki soko la London ilikamilisha ununuzi wa Refinitiv, kampuni ya takwimu za fedha, kwa dola bilioni 27.  Kilichonunuliwa hasa kilikuwa namba na njia za kuzifikisha kwa wateja.

Google Finance ilipoanza haikuwa na bei mpya zaidi kuliko wenzake. Upya wake ulikuwa kwenye grafu ambayo msomaji aliweza kuivuta na kuikuza, huku habari zikibandikwa kwenye siku zilipotokea, hivyo aliyeona bei imeporomoka Jumanne aliweza kubofya na kusoma kilichotangazwa Jumanne hiyo. Mabadiliko ya bei zenyewe yalikuja Juni 2008, pale Nasdaq ilipokubali bei zake za papo hapo zionyeshwe bure na Google pamoja na vyombo vichache vya habari. Kizuizi cha miaka yote kilikuwa namna ya kutoza. Masoko yalizoea kumhesabu kila mtu anayetazama bei mpya na kudai ada kwa kila kichwa, hesabu isiyowezekana kwa huduma inayofunguliwa na mamilioni ya watu wasiojiandikisha. Ilibidi kubuni bidhaa nyingine: bei ya biashara ya mwisho peke yake, bila orodha ya wanaosubiri kununua na kuuza, kwa ada yenye kikomo haidhuru watazamaji wawe wangapi. Mwezi huohuo wa Juni 2008, Wakenya walikuwa wakifuatilia hisa za Safaricom zilizoanza kuuzwa Nairobi baada ya kutolewa kwa shilingi tano kila moja, na wengi wao walisubiri gazeti la kesho yake au simu ya dalali.

Maneno "papo hapo" yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hisa moja ya Marekani haiuzwi mahali pamoja. Hisa za Apple zimeorodheshwa Nasdaq, lakini kila siku hubadilishana mikono pia katika masoko mengine mengi yanayoshindana. Huduma iliyopata mkataba na soko moja huonyesha biashara za soko hilo tu. Yahoo, kwa mfano, ilianza mwaka 2008 kuonyesha bure bei za papo hapo kutoka BATS, soko la kielektroniki lililokuwa changa na lenye hamu ya kujulikana. Bei zake zilikuwa halisi na mpya, ila hazikuwa picha ya soko zima, na idadi ya hisa zilizouzwa iliweza kuwa kipande kidogo cha jumla. Kwa kampuni kubwa tofauti hii ni ya senti moja au mbili. Kwa kampuni ndogo ambayo hisa zake hazina wanunuzi wengi, bei ya mwisho ya soko moja inaweza kuwa ya saa nzima iliyopita hata kama imeandikwa kuwa ya sasa.

Siku iliyoonyesha gharama ya kuchelewa ni tarehe 6 Mei 2010. Masoko ya Marekani yalikuwa yakishuka tangu asubuhi kwa hofu ya madeni ya Ugiriki. Saa 8:32 mchana kwa saa za New York mauzo makubwa ya mikataba ya fahirisi, yaani ya kipimo cha soko kwa ujumla, yalianza, na saa 8:47 fahirisi ya Dow Jones ilikuwa chini kwa karibu alama 1,000, sawa na asilimia tisa hivi. Kufikia karibu saa 9 sehemu kubwa ya anguko ilikuwa imerudi. Mtu aliyetazama bei zilizocheleweshwa dakika 15 aliona, saa 8:47, bei za saa 8:32: siku mbaya, lakini si msiba. Saa 9:02 skrini hiyohiyo ilimwonyesha janga kamili, wakati janga lenyewe lilikuwa limekwisha kupita. Aliyekimbilia kuuza dakika hiyo aliikimbia hali ambayo haikuwapo tena.

Siku hiyo iliacha pia tatizo kwa watunza kumbukumbu. Hisa za Accenture, zilizokuwa zikiuzwa kwa takriban dola 40, ziliuzwa kwa senti moja. Zaidi ya biashara 20,000 zilifanyika kwa bei zilizokuwa mbali mno na hali halisi, na masoko yakazifuta. Bei iliyofutwa ilikuwa imekwisha kurushwa duniani kote na kuingia katika hifadhi za kila aliyekuwa akipokea. Huduma inayojali kazi yake hupokea masahihisho na kurudi nyuma kuondoa senti ile; isiyojali hubaki na mstari mmoja unaotumbukia hadi sifuri katikati ya grafu. Usafishaji wa namna hii hautangazwi na mtu hausifiwi, lakini ndio unaotenganisha takwimu na lundo la namba.

Kurudi nyuma miaka mingi ni kazi nyingine yenye mitego yake. Kwa karne nzima bei za zamani zilikaa kwenye magazeti na vitabu vya madalali. Mwaka 1960, kwa fedha za kampuni ya udalali ya Merrill Lynch, James Lorie na Lawrence Fisher wa Chuo Kikuu cha Chicago walianza kukusanya bei za mwezi za kila hisa ya kawaida ya Soko la New York tangu Januari 1926. Kazi ilichukua miaka, na sehemu kubwa yake haikuwa kunakili bei bali kufuatilia kilichozipata kampuni: iliyoungana na nyingine, iliyobadili jina, iliyogawanya hisa zake. Hifadhi hiyo bado inatumiwa na vyuo vikuu kwa malipo. Kwenye huduma za bure historia huwa fupi zaidi, ingawa Yahoo ina bei za kila siku za kampuni kongwe kama IBM tangu Januari 1962.

Mgawanyo wa hisa ndio mtego wa kawaida zaidi. Ijumaa ya tarehe 28 Agosti 2020 hisa moja ya Apple ilifunga soko kwa dola 499.23. Jumatatu yake ilifungua kwa dola 127 na ushee. Hakuna aliyepoteza kitu, kwani kila hisa ilikuwa imegawanywa kuwa nne, na aliyekuwa na hisa kumi aliamka na arobaini. Lakini grafu isiyorekebishwa ingeonyesha Apple imepoteza robo tatu ya thamani yake mwishoni mwa wiki. Marekebisho hufanywa kwa kugawa bei zote za zamani kwa nne, hivyo bei ya Ijumaa ile leo huandikwa 124.81. Apple imegawanya hisa zake mara tano tangu iingie sokoni mwaka 1980, na ukizidisha migawanyo yote, hisa moja ya wakati ule ni hisa 224 za leo. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 22. Grafu iliyorekebishwa huionyesha kuwa kama senti kumi. Zote mbili ni kweli, kila moja kwa swali lake. Gawio nalo huleta utata: siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio lililotangazwa, bei yake kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio hilo, na Yahoo huweka safu ya pekee ya bei ya kufungia iliyorekebishwa ili anayepima faida ya miaka mingi asidhani alipata hasara. Anayechukua safu isiyo sahihi hupata jibu lisilo sahihi bila onyo lolote.

Zaidi ya hayo, historia ya bure mara nyingi ni historia ya walionusurika. Lehman Brothers ilifilisika Septemba 2008, Enron mwaka 2001. Kampuni ikishaondolewa sokoni, ukurasa wake huelekea kutoweka na bei zake pamoja nao. Mwanafunzi anayechukua kampuni zilizopo leo na kupima zilivyofanya kwa miaka ishirini anawapima washindi peke yao, na soko litaonekana jema kuliko lilivyokuwa.

Kila hisa inayoongezwa lazima itambulike bila kuchanganywa na nyingine, na alama fupi za masoko hazitoshi kwa hilo. Machi 2020, janga la korona lilipowasukuma watu kwenye mikutano ya video, SEC ilisimamisha biashara ya hisa za Zoom Technologies, kampuni ndogo yenye alama ZOOM, kwa sababu wawekezaji walikuwa wakizinunua wakidhani ni za Zoom Video Communications, ambayo alama yake ni ZM. Kwa sababu hii wanaojenga hifadhi kubwa hutegemea ISIN, namba ya kimataifa yenye herufi na tarakimu 12 inayoanza na alama ya nchi: US kwa Marekani, KE kwa Kenya, TZ kwa Tanzania. Sarafu nayo ina vituko vyake. Hisa nyingi za London hutajwa kwa pensi na si pauni, na za Johannesburg kwa senti na si randi. Programu isiyojua hilo huikuza thamani ya kampuni mara mia. Kuna hata mipaka ya kompyuta. Mei 2021 bei ya hisa moja ya daraja A ya Berkshire Hathaway, kampuni ya Warren Buffett ambayo hisa zake za daraja hilo hazijawahi kugawanywa, ilikaribia dola 429,496.7295. Hiyo ndiyo bei kubwa kuliko zote ambayo baadhi ya mifumo ya Nasdaq iliweza kuiandika kwa desimali nne katika nafasi iliyotengewa, na soko hilo likalazimika kusitisha kwa muda urushaji wa bei ya hisa hizo katika mifumo hiyo. Waliobuni mpangilio ule hawakufikiri kwamba hisa moja ingeweza kugharimu nyumba.

Upanuzi hauendi mbele tu. Google iliifunga mwaka 2012 njia iliyowaruhusu watengenezaji wa programu kuchota takwimu za Google Finance, na katika mabadiliko ya mwaka 2017 ikaondoa sehemu ya kutunza orodha ya hisa anazomiliki mtu. Mwaka huohuo Yahoo ilifunga njia ya kuchota bei za zamani ambayo programu nyingi za wanafunzi na watafiti ziliitegemea, zikaacha kufanya kazi kwa usiku mmoja. Mwaka 2024 kupakua historia ya bei kutoka Yahoo kukawa huduma ya wanaolipia. Kuitazama kwenye ukurasa kumebaki bure. Kwa anayetaka kuchota takwimu za Google, kinachobaki ni fomula ya lahajedwali inayoleta bei kwa kutaja soko na alama ya hisa, chombo kidogo chenye manufaa makubwa kwa yeyote anayejua jedwali.

Fomula hiyo ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapokutana na mipaka. Ndani yake herufi NSE ni Soko la Taifa la Hisa la India. Anayeandika NSE akimaanisha Nairobi anatafutiwa Mumbai. Johannesburg ndilo soko la Afrika ambalo huduma hizi kubwa zimelibeba kwa muda mrefu, kwa sababu lina wawekezaji wengi wa nje wanaolitazama na takwimu zake huuzwa kwa utaratibu unaoeleweka. Nairobi ilianza mwaka 1954 na kuhamia kwenye biashara ya kielektroniki mwaka 2006. Dar es Salaam ilianza biashara Aprili 1998 ikiwa na kampuni moja, Tanzania Oxygen Limited. Kwa huduma ya kimataifa, mkataba na soko dogo hugharimu muda wa wanasheria na wahandisi uleule kama wa soko kubwa, huku watazamaji wakiwa wachache. Pengo limejazwa kwa sehemu na tovuti nyingine za kimataifa, kwa sehemu na masoko yenyewe: Dar es Salaam ina programu ya simu iitwayo Hisa Kiganjani, ambayo humwezesha mtu kuona bei na pia kununua.

Hata soko linapoingizwa, ubora hutegemea shughuli iliyopo. Kampuni ya bia ya EABL iliorodheshwa Nairobi, kisha Kampala na Dar es Salaam. Kampuni ni moja, lakini kwenye hifadhi ya takwimu ni mistari mitatu, yenye sarafu tatu. Nairobi hisa zake huuzwa kila siku ya soko. Katika masoko mengine mawili siku nyingi zinaweza kupita bila hata moja kubadilisha mikono, na bei inayoonyeshwa ni ya biashara ya mwisho, haidhuru ilifanyika lini. Anayebadili mistari mitatu kuwa sarafu moja ataona tofauti kubwa ya bei na anaweza kudhani amegundua faida ya bure. Takwimu zitakazomwokoa ziko kwenye safu ambayo huduma nyingi za bure huiweka pembeni: idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo, ambayo kwa Dar es Salaam au Kampala mara nyingi itasomeka sifuri.